Kuhamia viunga vya Gitega: tupige hesabu kwanza



Katika mikutano yetu ya miaka hii ya karibuni liko swali moja ambalo haliachi kuulizwa, uwe mkutano wa watu wa viwanda, wa madereva, wa waalimu au wa makarani. Swali lenyewe ni hili: je, ni afadhali mtu aendelee kupanga nyumba Bujumbura kwa kodi inayomla mshahara, au ahamie Gitega, kule kandokando ya mji, ambako watu wanasema chumba ni rahisi na kiwanja kinapatikana? Wenzetu wa Muyinga nao wanauliza la kwao: sisi tulio huku kaskazini-mashariki, karibu na Tanzania, je, tukimbilie mji mkuu mpya au tubaki tulipo?

Sisi waandalizi wa chama tumeona vema tujibu kwa maandishi, maana jibu la mdomoni hubadilika njiani. Lakini tunamwomba msomaji asitafute humu neno moja la “hama” au “usihame”. Kila nyumba ina hesabu yake. Kazi yetu ni kuonyesha vitu vya kutia katika hesabu hiyo, hata vile ambavyo watu huvisahau mpaka wamekwisha kupakia kitanda juu ya lori.

VIUNGA SI JAMBO JIPYA

Mfanyakazi wa Burundi hakuanza leo kuishi pembeni mwa mji. Bujumbura ilipokuwa bado inaitwa Usumbura, wakoloni Wabelgiji waliwatengea Waafrika mitaa yao, mbali kidogo na nyumba za Wazungu. Ndiyo asili ya Buyenzi na Bwiza. Katika miaka ya 1950 shirika la kikoloni la kujenga miji ya Waafrika, lililoitwa OCAF, likajenga Ngagara, na hata leo wazee wengine wakitaja Ngagara husema “OCAF”. Nia haikuwa kumpendeza mfanyakazi. Nia ilikuwa awe karibu kiasi cha kufika kazini asubuhi, na mbali kiasi cha kutoonekana jioni.

Gitega nayo ina historia yake. Wajerumani waliihamishia makao yao ya utawala mwaka 1912, wakaiita Kitega. Wabelgiji walipokuja waliyarudisha makao makuu Usumbura, kando ya ziwa. Kwa hiyo mji ule uliwahi kupewa cheo ukanyang'anywa, na miaka zaidi ya 100 baadaye ukapewa tena. Hali kadhalika, watu wanaosema Kiswahili hawakufika Gitega na Muyinga jana. Walikuja na biashara na misafara ya zamani, wengine na jeshi la Wajerumani, wakajenga mitaa yao karibu na soko na msikiti. Nyamugari kule Gitega, na mtaa wa Waswahili kule Muyinga, ni ushahidi wa jambo hilo. Hao walikuwa watu wa viungani kabla neno halijawa la kawaida.

Tunasema haya ili tukumbuke jambo moja: mahali pa kulala mfanyakazi pamekuwa pakiamuliwa na mwenye kazi au mwenye serikali. Tofauti tunayoitaka sisi ni mfanyakazi aamue mwenyewe, akiwa na hesabu mkononi.

MAMBO YALIYOBADILIKA

Mwezi wa Desemba 2018 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba Gitega itakuwa mji mkuu wa siasa, na Bujumbura itabaki mji mkuu wa uchumi. Mwezi wa Januari 2019 Bunge likapitisha sheria ya jambo hilo. Tangu hapo ofisi zikaanza kupanda mlima, moja moja. Na ofisi ikipanda, haipandi peke yake: hupanda na dereva wake, mlinzi wake, mpishi wake, karani wake, mfagiaji wake. Wakubwa hupewa nyumba au fedha za nyumba. Wadogo mara nyingi hupewa barua tu.

Mji uliokuwa mtulivu ukaanza kushindaniwa. Wenye nyumba katikati ya mji wakajua kwamba mgeni hana pa kulala, wakapandisha kodi. Wanaotaka bei nafuu wakasukumwa nje, kwenye vilima vya pembeni na mitaa inayopanuka kama Magarama na Bwoga. Ndivyo viunga vya Gitega vinavyokua mbele ya macho yetu.

Wakati huohuo maisha ya Bujumbura yalizidi kuwa mazito. Mwezi wa Machi 2022 baiskeli, pikipiki na tukutuku zilipigwa marufuku kuingia katikati ya mji, na mtu wa Kinama au Kanyosha aliyezoea kufika kazini kwa tukutuku akajikuta anategemea basi au miguu yake. Kisha ukaja uhaba wa petroli, ambao umerudi mara kwa mara. Mwaka 2024 watu walisimama kwenye misururu ya basi tangu alasiri mpaka giza linaingia. Mwezi wa Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, kutoka kiasi cha faranga 2,000 na kidogo kwa dola moja hadi zaidi ya 2,800. Kila kinachotoka nje kikapanda bei, na mshahara ukabaki umekaa.

SABABU TANO ZA WANAOTAKA KUHAMA

Tumewasikiliza wengi. Sababu zao tunaweza kuzipanga katika mafungu matano.

Ya kwanza ni kodi ya nyumba. Hii ndiyo inayotajwa mwanzo na kila mtu. Fedha ambayo Bujumbura inapanga vyumba viwili vyenye joto, kando ya choo cha watu wengi, pembeni mwa Gitega inaweza kupanga kijumba kizima chenye uwanja mdogo. Na mwenye akiba kidogo anaweza kuota kiwanja, jambo ambalo mtu wa Buyenzi amekwisha kulitoa katika mawazo.

Ya pili ni mguu. Gitega bado ni mji wa kutembea. Mtu wa kiungani akiamka saa kumi na moja na nusu, anafika kazini bila kumbembeleza dereva yeyote. Pale ambapo petroli haipatikani, mwenye kukaa karibu na kazi ndiye tajiri.

Ya tatu ni shamba. Nyuma ya nyumba ya kiungani huwa kuna kipande cha ardhi, hata kama ni upana wa mikeka kumi. Panaingia lengalenga, maharage, migomba miwili mitatu. Haba na haba hujaza kibaba. Mke na mume wanaojua jembe hawanunui mboga kila siku.

Ya nne ni hewa na maji ya mafuriko. Gitega iko juu, kiasi cha meta 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na Bujumbura haifiki 800. Baridi ya Gitega humfanya mgeni alalamike wiki ya kwanza, lakini mbu si wengi kama wa bonde la Imbo, ingawa malaria haikosi kabisa. Na tusisahau mafuriko. Mwezi wa Februari 2014 mvua ya usiku mmoja iliua makumi ya watu katika mitaa ya kaskazini ya Bujumbura. Mwezi wa Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika Gatumba na maelfu wakakimbia nyumba zao. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yakapanda tena, yakaingia katika nyumba za Gatumba na za kando ya ziwa. Ndugu zetu waliokuwa wamenunua viwanja huko kwa bei nafuu walijifunza kwamba urahisi wa kiwanja una sababu yake.

Ya tano ni kazi yenyewe. Pamoja na ofisi za serikali, Gitega ina kiwanda cha bia cha Brarudi, ina hospitali, shule nyingi na chuo, ina kazi za ujenzi kwa sababu mji unakua. Mwashi, fundi bomba na fundi umeme hawakai bure katika mji unaojengwa.

UPANDE WA PILI WA MIZANI

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tuingie basi.

Kwanza, maji na umeme. Bomba la REGIDESO halifiki kila kilima kipya. Mwenye nyumba atakwambia “bomba linakuja”. Uliza jirani aliyekaa hapo miaka mitatu. Yeye ndiye anayejua bomba limefika wapi. Dumu la maji linalobebwa kwa baiskeli lina bei, na bei hiyo ni sehemu ya kodi ya nyumba ingawa mwenye nyumba haiandiki kwenye risiti.

Pili, vitu vya dukani. Watu hudhani kila kitu ni rahisi huko juu. Sivyo. Viazi, maharage na ndizi, ndiyo. Lakini sabuni, mafuta ya mawese, mabati na vitu vinavyopitia bandari na maghala ya Bujumbura hupanda pamoja na lori hadi Bugarama kabla ya kukufikia. Ni safari ya kiasi cha kilometa 100, na kila kilometa inatafuta malipo yake kwako. Petroli ikikosekana, bei inapanda mara mbili.

Tatu, na hili tunaliweka kwa herufi nzito, ni kazi ya mama wa nyumbani. Twatoa mfano wa mwenzetu mmoja, mtunza ghala, aliyepewa barua ya kuhamia Gitega. Alipiga hesabu ya kodi, ya chakula na ya nauli, akaona kuhama kuna faida. Mkewe akamwuliza: “Na mimi umeniandika wapi?” Mama huyo alikuwa anauza ndagala. Meza yake ya kwanza iliteketea pamoja na soko kuu la Bujumbura tarehe 27 Januari 2013. Alianza upya kwa mkopo wa wenzake, akapata wateja, akajulikana na wavuvi wanaomkopesha mzigo asubuhi akalipa jioni. Hiyo imani ya wavuvi huwezi kuipakia kwenye gari. Kuhama kwake ni kuanza mara ya tatu. Mume alikuwa amehesabu mshahara mmoja, na nyumba ilikuwa inaishi kwa mishahara miwili.

Nne, shule. Mtoto akitolewa katikati ya mwaka hupoteza zaidi ya miezi. Mwenye kuhama ahame baada ya mitihani, na atafute nafasi ya shule kabla ya kutafuta fundi wa kupaka chokaa.

HESABU YA MAFUNGU

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunatoa mfano wa kujifunzia tu. Kila mtu atie tarakimu zake mwenyewe.

Tuseme mshahara wa baba tumeugawa mafungu 20, na biashara ya mama inaleta mafungu 4. Jumla ya nyumba ni 24.

Wakiwa Bujumbura: kodi 8, chakula 8, nauli 2. Jumla 18. Yanabaki 6 ya shule, dawa na akiba.

Wakihamia kiungani Gitega wote, na mama akapoteza biashara yake: yanaingia 20 tu. Kodi 4, chakula 7, maji ya kununua 1, nauli 1, na safari za kwenda kuona wazazi na kuzika na kuoa, pamoja na simu, 2. Jumla 15. Yanabaki 5. Yaani wamepunguza kodi nusu nzima, na bado wamerudi nyuma fungu moja!

Lakini mama akipata pa kuuzia hata nusu ya zamani, mafungu 2, yatabaki 7. Sasa wamepanda. Mtaona basi kwamba kilichoamua si kodi. Kilichoamua ni meza ya mama sokoni.

Tuone na hesabu ya tatu, ile ambayo wengi wameiingia bila kuichagua: baba Gitega, mama na watoto Bujumbura. Kodi ya huku 8 na ya kule 4, ni 12. Vyungu viwili vya chakula, 9. Nauli na safari za mwisho wa wiki, 4. Jumla 25, na mapato ni 24. Nyumba hii inaingia deni la fungu moja kila mwezi, na baada ya mwaka ina deni la zaidi ya nusu ya mshahara. Hatuongezi hapa gharama ya mtoto asiyemwona babaye, maana hiyo haina fungu.

Yule mtunza ghala na mkewe walifanyaje? Walikubaliana mama aende kwanza Gitega wiki moja na gunia la ndagala kavu, akae kwa jamaa Nyamugari, aone soko. Aligundua kwamba ndagala ikipanda mlima hupanda na bei, na kwamba mteja wa kule hununua kidogo kidogo lakini hulipa taslimu. Mtoto wa dada yake akabaki Bujumbura kumpokelea mzigo kwa wavuvi. Ndipo wakahama, mwisho wa mwaka wa shule. Hatusemi kila mtu atafanikiwa vivyo hivyo. Tunasema walipima kabla ya kukata.

NA MUYINGA JE?

Wako wanaofikiri mji mkuu ndio mahali pekee pa maendeleo. Wenzetu wa Muyinga wasidanganyike upesi.

Muyinga ina kitu ambacho Gitega haina: mpaka. Malori kutoka Dar es Salaam huingia Burundi kwa Kobero, upande wa pili wa Kabanga katika wilaya ya Ngara. Panapopita malori pana makuli, pana madereva, pana mawakala wa forodha, pana mama wa chakula na fundi wa magurudumu. Na Kiswahili chetu, ambacho mahali pengine huchekwa, pale ni chombo cha kazi. Kijana anayejua kusoma, kuhesabu na kusema Kiswahili safi na dereva wa Tanzania hahitaji kukimbilia Gitega kugombania kazi ya ulinzi.

Lakini Muyinga nayo imepata pigo. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa ya nchi kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42, na mpango huo ukaanza kutumika baada ya uchaguzi wa 2025. Mkoa wa Muyinga ukaingizwa pamoja na Cankuzo na Ruyigi katika mkoa mpya wa Buhumuza, ambao makao yake ni Cankuzo. Mji uliokuwa makao ya mkoa ukawa makao ya komini. Upande wa Gitega ni kinyume: mkoa wake umemeza Karuzi, Muramvya na Mwaro. Kwa hiyo mfanyakazi wa ofisi ya mkoa kule Muyinga anaweza naye kupewa barua ya kuhama, na hesabu ya vyungu viwili inamngoja vilevile.

Kuna jambo jingine ambalo kila mjumbe wa wafanyakazi anapaswa kulijua. Amri ya serikali ya mwaka 1988 iliweka mshahara wa chini kabisa kuwa faranga 160 kwa siku katika miji ya Bujumbura na Gitega, na faranga 105 kwa siku sehemu nyingine zote za nchi. Muyinga ni katika hizo “sehemu nyingine”. Fedha hiyo leo hainunui hata kiberiti na chumvi kwa pamoja. Vyama vya wafanyakazi vimepiga kelele zaidi ya miaka 30 ili amri hiyo irekebishwe. Tunaitaja hapa kwa sababu inaonyesha fikra iliyofichika: kwamba mtu wa Muyinga ana tumbo dogo kuliko mtu wa Gitega. Sabuni ya Muyinga haijui amri hiyo. Basi anayehama kutoka Muyinga kwenda Gitega akiamini kwamba sheria itamwongezea mshahara, anakimbilia tofauti ya faranga 55. Kinachomwongezea mtu mshahara ni mkataba aliosaini na chama kinachousimamia.

KIWANJA NA KARATASI

Wengi wanaohamia viungani lengo lao la mwisho ni kununua kiwanja. Hapa tunaomba usikivu wa pekee, maana akiba ya miaka 10 inaweza kupotea mchana mmoja.

Sheria ya Ardhi ya tarehe 9 Agosti 2011 inatambua hati miliki inayotolewa na msajili wa ardhi, na pia cheti cha ardhi kinachotolewa na ofisi ya ardhi ya komini. Gitega iko ofisi ya hati. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono juu ya meza ya baa, ikasainiwa na watu waliokunywa pombe ya mashahidi, si hati wala cheti. Inaweza kusaidia kuonyesha kwamba mliuziana, lakini haikulindi ipasavyo siku ya kesi.

Kabla ya kutoa faranga hata moja, ulizeni mambo manne.

La kwanza: muuzaji ni nani, na ndugu zake wanasemaje? Shamba la baba ni la watoto wote. Ukinunua kwa kaka mmoja wakati wengine wako Bujumbura au Kigoma, umenunua kesi.

La pili: kiwanja hiki kilikuwa cha nani mwaka 1972 na mwaka 1993? Watu wengi walikimbia nchi katika miaka hiyo, mashamba yao yakakaliwa na wengine, na wenyewe au watoto wao wakarudi. Serikali iliunda tume ya kushughulikia ardhi na mali nyingine mwaka 2006, na muda wake ukaisha 2022, lakini si kila ugomvi umekwisha. Wazee wa kilima, Bashingantahe, wanajua. Wakae nawe kabla ya kununua, si baada.

La tatu: serikali ina mpango gani na kilima hicho? Mji mkuu unahitaji barabara na majengo. Kilima cha shamba leo ni ramani ya mtu mwingine kesho. Nenda komini na ofisi ya mipango ya mji, uulize kwa jina la kilima.

La nne: maji ya mvua yanapita wapi? Nenda kukiona kiwanja mwezi wa Aprili. Kiwanja kilichoonekana kizuri Julai kinaweza kuwa mto mwezi wa Aprili.

Wasio na fedha taslimu wasiende kwa wakopeshaji wa mtaani ambao faida yao ni mtego. Ziko COOPEC, vyama vya kuweka na kukopa, na zimeenea mikoani. Uko pia upatu wa wenzetu kazini. Watu 12 wakichangiana kwa uaminifu, kila mmoja ana mwezi wake wa kununua mabati.

TUDAI NINI KAMA CHAMA

Ndugu, kuhama kwa hiari ni jambo la mtu na nyumba yake. Lakini kuhamishwa na mwajiri ni jambo la kazi, na jambo la kazi ni la chama. Sheria ya Kazi ya tarehe 24 Novemba 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 1993, inatambua majadiliano na mikataba ya pamoja kati ya waajiri na wafanyakazi. Humo ndimo tunamotaka tuandike mambo haya.

Moja, barua ya uhamisho itolewe mapema, na isiwe katikati ya mwaka wa shule. Mbili, gharama ya kusafirisha familia na vyombo ilipwe na mwajiri, kwa maandishi, kabla ya safari. Tatu, posho ya nyumba ifuate kodi ya mahali mtu anapohamia, na wenye nyumba wanaodai miezi mingi mbele walipwe kwa mkopo wa mwajiri usio na faida. Nne, ambapo familia haiwezi kufuata mara moja, mfanyakazi apewe nauli ya kwenda kuiona. Tano, michango ya INSS isikatike wakati wa uhamisho; kila mmoja aulize apate uthibitisho, maana mwezi uliopotea leo ni mwezi uliopotea kwenye pensheni.

Haya si mambo ya kuomba kwa unyonge. Mwajiri anapohamisha mashine huilipia lori, huifunga kwa kamba, huifunika kwa turubai isinyeshewe. Tunataka mtu apewe angalau heshima ya mashine.

Na kwa wenye kuhama kwa hiari yao, ushauri wetu ni mfupi. Fanyeni hesabu mume na mke mkiwa pamoja, na mtie humo kila mapato ya nyumba. Mmoja atangulie kuona, kwa mwezi mmoja, si kwa siku moja. Ongeeni na majirani zaidi ya wenye nyumba. Na mkifika, msikae kama wageni: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jiandikisheni kwa mjumbe wa chama aliye karibu, ili mtaa mpya usiwe mtaa wa watu wasiojuana. Buyenzi haikujengwa na matofali tu. Ilijengwa na watu waliozikana na kuozeshana. Viunga vya Gitega vinaweza kuwa hivyo, au vinaweza kuwa safu za vyumba vya watu wanaongojea Ijumaa warudi kwao. Hilo litaamuliwa na sisi tunaohamia.

Wajumbe wa Gitega na Muyinga wanaombwa kusoma makala hii kwa sauti katika mkutano ujao, kwa faida ya wenzetu wasiosoma, na kukusanya hesabu za kweli za wanachama: kodi, maji, nauli, mapato ya mke na mume, bila kutaja majina. Tukiwa na hesabu 100 za kweli mezani, mwajiri hataweza kutuambia kwamba tunalalamika tu.

Umoja ni nguvu.